Mficha uchi hazai: Maneno kwa mama anayengoja kifunguamimba

Ikiwa unatarajia mtoto wako wa kwanza, makala haya ni yako. Ikiwa si wewe, basi huenda ni dada yako, mkeo, au yule msichana wa chumba cha pili ambaye siku hizi anapanda ngazi akijishika kiuno. Ukimaliza kusoma, mpe naye asome.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mimba yangu ya kwanza ilipokaribia kutimia nilikuwa nikiishi katika chumba kimoja hapa Njiru. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka mashambani ili anisaidie. Jioni moja nilihisi maji yakinitoka, kidogo kidogo tu. Nilidhani ni mkojo, maana nilikuwa nimesikia kwamba mtoto akilemea kibofu, mama hushindwa kujizuia. Nikaona haya. Ningemwambiaje mama wa mume wangu kwamba mtu mzima kama mimi anajikojolea? Nikabadilisha leso, nikafua, nikanyamaza. Usiku ukapita, na siku ya pili nayo ikapita. Siku ya tatu alfajiri akanikuta naanika leso nyingine kwenye kamba.

"Haya maji yameanza kukutoka lini, mwanangu?"

"Juzi jioni, mama."

Aliketi kitandani kama mtu aliyeishiwa na nguvu. "Juzi! Na ukanyamaza? Mwanangu, mficha uchi hazai."

Hayakuwa mkojo. Chupa ilikuwa imepasuka, na kwa muda huo wote mlango ulikuwa wazi kwa viini vya ugonjwa kumfikia mtoto. Alizaliwa na homa, akalazwa siku tisa akidungwa sindano, nami nikiwa kando yake nisijue kama nitarudi nyumbani na mtoto au na nguo zake tu. Mungu alitujalia, alipona. Lakini tangu siku hiyo methali ile haijanitoka kichwani. Hospitali ilikuwepo na nauli ilikuwepo. Kilichokosekana ni mdomo wangu kufunguka.

Basi nia ya makala haya ni moja: kukuambia yale ambayo mama wa mara ya kwanza huona haya kuuliza, ili saa yako itakapofika usinyamaze.

Mambo yamebadilika, lakini...

Tusikose shukrani, msomaji. Kulingana na uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka wa 2008 na 2009, ni watoto 44 tu kati ya kila 100 nchini Kenya waliozaliwa mikononi mwa muuguzi, mkunga aliyesomea kazi hiyo au daktari. Mwaka wa 2014 walikuwa 62. Mwaka wa 2022 walifika 89. Mojawapo ya sababu ni tangazo la Juni 1, 2013, siku ya Madaraka, kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za serikali.

Sisi wa upande huu wa Eastlands tumeona mabadiliko hayo kwa macho. Zamani, mama wa Njiru akishikwa na uchungu, safari ilikuwa ya kwenda mpaka Pumwani, hospitali ya uzazi iliyofunguliwa mwaka wa 1926. Siku hizi kuna Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, karibu na Barabara ya Kangundo, iliyoanza kazi mwaka wa 2011. Lakini watu nao wameongezeka. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba kaunti ndogo ya Njiru peke yake ina watu 626,482. Foleni ni ndefu na wauguzi wana kazi nyingi. Mgonjwa anayenyamaza mahali kama hapo ni rahisi kusahaulika.

Kliniki si ya kupimwa tumbo tu

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2016 kwamba mja mzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Wengi wetu huanza kliniki tumbo likiwa limeshaonekana na majirani wote. Ukianza mapema, utapimwa damu, mkojo, presha, kaswende na virusi vya Ukimwi, na utapewa tembe za kuongeza damu. Mama aliye na virusi akianza dawa mapema na kuzifuata vyema, mtoto wake ana nafasi kubwa ya kuzaliwa bila virusi.

Lakini kliniki ni mahali pa kuuliza pia. Andika maswali yako nyuma ya daftari kabla hujatoka nyumbani. Uliza kuhusu uchafu unaotoka ukeni, kuhusu choo kigumu, kuhusu kulala na mumeo. Muuguzi ameyasikia yote hayo maelfu ya mara, na hatakushangaa.

Kuna mambo ambayo hayangoji siku ya kliniki. Ukiona damu, ukiumwa na kichwa kikali huku macho yakiona ukungu, ukivimba uso na mikono, ukipata homa, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Kichwa na uvimbe huweza kuwa dalili za presha ya mimba, ambayo isipotibiwa huleta kifafa cha mimba na kumwua mama mwenye afya njema kabisa. Na maji yakikutoka, yawe mengi au matone, usifanye kama nilivyofanya mimi. Vaa pedi safi, tazama rangi yake, kisha shika njia. Yakiwa ya kijani au hudhurungi, huenda mtoto amekwisha kujisaidia tumboni. Fanya haraka zaidi.

Uchungu wa kweli na wa uongo

Swali ambalo kila mama wa kwanza huuliza ni hili: "Nitajuaje kwamba ni uchungu wenyewe?"

Katika wiki za mwisho tumbo hukazana na kulegea. Ukitembea kidogo, ukioga au ukilala ubavu, hutulia. Huo ni uchungu wa uongo. Uchungu wa kweli hautulii. Huanzia mgongoni au chini ya kitovu, huja kwa mpangilio, na kila saa ipitayo hukaribiana na kuzidi nguvu. Huenda ukaona ute mzito wenye michirizi ya damu. Usitishike, ni mlango wa kizazi unaanza kufunguka. Damu nyekundu inayotiririka ni jambo jingine, na hiyo ni hatari.

Jua pia kwamba kifunguamimba hana haraka. Mlango wa kizazi hufunguka mpaka sentimita 10. Kufika sentimita 5 kunaweza kuchukua muda mrefu sana, pengine mchana kutwa na usiku. Kutoka hapo mpaka mwisho, kwa kawaida haizidi saa 12. Kusukuma nako, kwa mama wa mara ya kwanza, kunaweza kuchukua hata saa tatu. Nakuambia haya kwa sababu akina mama wengi hufika saa ya tano wakiamini kwamba wao ni wagonjwa au kwamba wamelogwa, kwa vile jirani alijifungua kwa saa mbili. Jirani huyo alikuwa na mtoto wa nne.

Wauguzi wengi husema uje uchungu ukija kila baada ya dakika tano, kila mmoja ukidumu kama dakika moja, kwa muda wa saa nzima. Hiyo ni kanuni nzuri kwa anayeishi karibu na hospitali. Wewe wa Njiru, fikiria barabara. Mvua ikinyesha, njia zetu za ndani hugeuka matope, na Barabara ya Kangundo saa za jioni unaijua. Ondoka mapema.

Safari ya usiku

Tuseme sasa ni saa nane za usiku. Lango la ploti limefungwa, na mwenye ufunguo amelala. Mumeo ni mlinzi wa usiku upande wa Industrial Area. Simu yako imebaki na chaji kidogo. Je, unamwita nani?

Ikiwa swali hilo limekushtua, jibu lake litafute leo. Mwambie mwenye ufunguo wa lango, mapema, kwamba wiki fulani huenda ukamwamsha. Zungumza na dereva wa teksi unayemfahamu, mkubaliane bei, na uandike nambari yake ukutani, si kwenye simu tu. Uwe na dereva wa pili. Bodaboda si chombo cha mama mwenye uchungu, ingawa najua wengi wamefika nayo. Weka akiba ya nauli kando, isiguswe hata sukari ikiisha.

Wakazi wa Nairobi walijifunza somo hili kwa uchungu mwaka wa 2020. Mnamo Machi 27 mwaka huo, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, serikali iliweka kafyu kutoka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Matatu zilitoweka barabarani na watu waliogopa kukutana na polisi. Mtoto naye hajui kafyu. Daktari wa uzazi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Dkt. Jemimah Kariuki, aliona akina mama wakifika wamechelewa, akaamua kutonyamaza. Aliomba msaada hadharani, na kutokana na juhudi hizo ukaanzishwa mpango wa teksi na ambulensi za bure kwa wajawazito saa za kafyu, ulioitwa Wheels for Life. Mama alipiga simu, daktari akamsikiliza, na gari likatumwa.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini usiku wa Njiru bado ni usiku. Mpango wa gari lako uwe nao kabla ya mwezi wa nane.

Katika chumba cha kuzalia

Hapa ndipo hofu kubwa ilipo. Umesikia habari za wauguzi wanaofoka na kupiga makofi mapajani. Sitakudanganya kwamba ni uongo. Mwaka wa 2007 chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, pamoja na shirika jingine, walitoa ripoti nzima kuhusu mateso ya akina mama katika vyumba vya kuzalia nchini.

Lakini ujue kwamba sheria iko upande wako. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka wa 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma na akapigwa na wauguzi. Hakunyamaza. Alikwenda mahakamani, na Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Kabla ya hapo, Septemba 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imesema kwamba ni makosa kumzuilia mama hospitalini kwa sababu ameshindwa kulipa.

Sisemi uingie ukitafuta kesi. Wauguzi wengi ni watu wema waliochoka. Msalimu, mwambie jina lako, mwambie kwamba huyu ni mtoto wako wa kwanza na unaogopa. Neno hilo moja humfanya akutazame kama mtu. Kisha sema unachohisi: "Sista, nahisi kama nataka kwenda choo kikubwa." Pengine utaona haya kulisema, lakini mara nyingi ndiyo ishara kwamba mtoto amefika mlangoni. Na ukijisaidia kidogo unaposukuma, hutakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Uliza mapema, siku ya kliniki, kama hospitali yako inaruhusu mtu wa kukaa nawe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mwenzake anayemtaka wakati wa kujifungua. Awe mamako, dada, mumeo, au shemeji. Mtu huyo atakushika mgongo, atakupa maji, na utakaposhindwa kusema atasema kwa niaba yako.

Huenda pia ukaambiwa unahitaji upasuaji. Uliza sababu, sikiliza, uamue bila kungoja kikao cha ukoo. Aliyezaa kwa upasuaji amezaa. Asikudanganye mtu kwamba hukuwa mwanamke kamili.

Saa ya damu

Mtoto amelia. Jamaa wameanza kupiga simu kijijini. Wewe je?

Msomaji, saa za kwanza baada ya kujifungua ndizo huchukua akina mama wengi kuliko saa za uchungu, na kinachowachukua ni damu. Mara tu mtoto azaliwapo utadungwa sindano ya kusaidia kizazi kijikaze na kondo la nyuma litoke vizuri. Usiikatae. Kisha jitazame. Damu ikilowesha pedi nzima kwa chini ya saa moja, ukisikia kizunguzungu, moyo ukienda mbio au mwili ukiwa baridi, ita. Ukiona hawaji, ita tena. Mwambie na mama wa kitanda cha pili aite nawe.

Kuna habari njema hapa. Utafiti uliotangazwa Mei 2023, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliwahusisha zaidi ya akina mama 200,000. Wauguzi waliweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukisiwa kwa macho. Ikizidi kipimo, matibabu yote yalitolewa kwa pamoja, bila kungoja. Visa vya damu nyingi ya kuhatarisha maisha vilipungua kwa asilimia 60. Somo ni lile lile: damu ikionekana mapema, mama huokolewa.

Pesa na makaratasi

Wengi bado wanadhani mpango wa Linda Mama upo kama zamani, kwamba mama anaingia na kitambulisho tu. Sivyo. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya zamani ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ni lazima ujisajili na mchango wa nyumba yenu uwe umelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Anayejitegemea hukadiriwa na kulipia mwaka mzima. Usingoje uchungu ndipo mumeo aanze kuhangaika na simu. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kukueleza namna ya kujisajili.

Ukiwa umeajiriwa, hata kama ni kazi ya nyumbani, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba likizo ya wiki mbili. Kabla hujaondoka hospitalini hakikisha mtoto amechanjwa dhidi ya kifua kikuu na kupewa matone ya polio, na umepewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Cheti huombwa ndani ya miezi sita.

Siku arobaini

Utarudi nyumbani na wageni watajaa. Wataleta uji, watambeba mtoto, watasema anafanana na nani. Hakuna atakayekuuliza wewe umelalaje.

Mnyonyeshe mtoto ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale mazito ya njano, dang'a, si machafu. Ni kinga yake ya kwanza, usiyakamue ukayamwaga. Katika siku za mwanzo unaweza kulia bila sababu, na kwa kawaida huisha kabla ya wiki mbili. Lakini huzuni ikizidi muda huo, ukikosa usingizi hata mtoto akilala, ukimwona mtoto kama mzigo au ukiwaza kujidhuru, huo ni ugonjwa na una tiba. Si laana wala si utovu wa shukrani. Hili ndilo jambo ambalo akina mama huficha kuliko yote. Mwambie mtu leo, kisha nenda kliniki.

Ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, rudi hospitalini. Na hata ukijisikia mzima, rudi ukaonwe ndani ya siku tatu, tena kati ya siku ya saba na ya 14, na katika wiki ya sita.

Mama mkwe wangu ametangulia mbele ya haki. Kifunguamimba wangu ni mtu mzima sasa, na mwaka uliopita alinijia akiwa na mimba yake ya kwanza. Aliketi kando yangu jikoni, akakata sukuma wiki kwa muda mrefu bila kusema. Nilimjua.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Mama, kuna kitu naona haya kukuambia."

Nilizima jiko, nikafunga mlango, nikaketi. "Niambie, mwanangu," nikasema.